Mfunze kilebu wako choo mapema, uyalinde macho ya mwanao

Shule zinapofungwa, ombi moja husikika katika nyumba nyingi za mijini: "Baba, tununulie mbwa." Baba naye amechoshwa na wezi wanaoruka ua usiku, kwa hivyo hahitaji kubembelezwa sana. Jumamosi inapofika, katoni inaingia nyumbani na ndani yake mna kilebu, yaani mtoto wa mbwa, wa majuma saba au manane hivi. Macho yanang'aa na mkia haupumziki. Watoto wanashangilia, na jina linapatikana hata kabla ya chakula cha mchana.

Furaha hiyo hudumu hadi asubuhi ya pili. Mama anaamka na kukanyaga kitu chenye unyevu kwenye zulia. Yaya anakuta rundo nyuma ya mlango wa jikoni. Kilebu anakamatwa shingoni, anasukumiwa pua penye uchafu wake, anachapwa makofi mawili na kutupwa nje. Kesho yake anarudia kosa lile lile, safari hii nyuma ya kochi ambako hakuna atakayemwona.

Huenda ukajiuliza daktari wa binadamu anatafuta nini katika jambo hili. Je, si kazi ya daktari wa mifugo? Ni kazi yake, lakini ni yangu pia. Mahali anapojisaidia kilebu, na muda ambao kinyesi chake hukaa hapo, ndivyo huamua kama mtoto wako atacheza katika ua wenu kwa usalama au la. Leo, mpenzi msomaji, nitakueleza kwa nini kumfunza kilebu choo ni kinga ya maradhi, kisha nikuonyeshe hatua kwa hatua jinsi ya kuifanya kazi hiyo bila kiboko.

MNYOO ANAYEZALIWA NA KILEBU

Kuna mnyoo wa mbwa ambaye wataalamu humwita toksokara. Ni mnyoo mwenye hila. Mbwa jike anaweza kuonekana mwenye afya njema, manyoya yakimeta, kumbe minyoo wachanga wamejificha katika nyama ya mwili wake, wamelala tu. Anaposhika mimba, minyoo hao huamka, hupenya kondo la nyuma na kuingia ndani ya vilebu walio tumboni. Wengine huwafuata baadaye kupitia maziwa. Kwa hivyo kilebu anaweza kuwa na minyoo hata kama hajawahi kukanyaga udongo.

Anapofikisha umri wa majuma matatu hivi, kilebu huyo tayari anaweza kutoa mayai ya minyoo kwenye kinyesi chake. Mnyoo mmoja wa kike hutaga makumi ya maelfu ya mayai kwa siku. Ndiyo maana vilebu ni hatari kuliko mbwa wakubwa katika jambo hili, ingawa ndio ambao watoto hupenda kuwakumbatia.

Mayai hayo hayaonekani kwa macho. Hata hivyo, yanapotoka tu hayawezi kumdhuru mtu. Ni lazima yakae nje kwa majuma mawili au zaidi, kutegemea joto na unyevu, ndipo yaive na kuwa hatari. Yakishaiva, yanaweza kukaa hai udongoni kwa miaka. Lishike jambo hili akilini, kwa maana mafunzo yote yatakayofuata yamejengwa juu yake: kinyesi kinachozolewa siku hiyo hiyo hakijapata nafasi ya kudhuru. Kile kinachoachwa hadi kikauke, kikapondwa na nyayo na kusambazwa na mvua, ndicho adui.

Mtoto wa miaka miwili au mitatu huchezea udongo kisha akalamba vidole. Kuna hata wanaokula udongo wenyewe. Mayai yaliyoiva yakifika tumboni huanguliwa, na minyoo wachanga hutoboa ukuta wa utumbo na kusafiri pamoja na damu hadi kwenye ini, mapafu, ubongo au jicho. Mwili wa binadamu si makao yao ya kawaida, kwa hivyo hawakui wakawa minyoo wakubwa. Hutangatanga tu, wakiacha uvimbe na makovu wanakopita.

Watoto wengi wanaoambukizwa hawaonyeshi dalili yoyote. Wengine hupata homa isiyoeleweka, maumivu ya tumbo, na kikohozi chenye kifua kinachopiga mluzi kama cha mgonjwa wa pumu. Mnyoo akiingia jichoni, anaweza kuacha kovu kwenye utando wa nyuma ambao hupokea mwanga, na mtoto akapoteza uwezo wa kuona kwa jicho hilo.

Mambo haya si uvumi. Mwaka 1950 mtafiti wa Marekani, Helenor Wilder, aliyachunguza macho ya watoto ambayo yalikuwa yametolewa na madaktari, mengi yakidhaniwa kuwa na saratani. Katika macho 24 kati ya hayo alikuta dalili za minyoo wachanga. Miaka iliyofuata, watafiti wengine waligundua kwamba minyoo ya mbwa ilihusika. Kwa hivyo kuna watoto waliopoteza jicho kwa sababu ya mnyoo uliotoka kwa mbwa.

Wazazi wengi hunijia wakitaka mtoto apimwe choo. Kwa ugonjwa huu kipimo hicho hakisaidii, kwa sababu minyoo hawa hawakui wala hawatagi mayai ndani ya binadamu. Hupimwa damu, na jicho hutazamwa na mtaalamu wa macho. Aidha, ile tembe moja ya minyoo wanayopewa watoto mara kwa mara haitoshi kutibu ugonjwa huu. Tiba yake huchukua siku kadhaa chini ya uangalizi wa daktari. Ukiona mtoto ameanza kuwa na makengeza ghafla, au weupe ndani ya mboni ya jicho, au analalamika kwamba jicho moja halioni vizuri, usingoje wala usitie dawa ya matone uliyonunua dukani. Mpeleke hospitalini siku hiyo hiyo.

Kinyesi cha mbwa kina minyoo wengine pia. Wale wa jamii ya safura huangua mayai yao kwenye mchanga wenye unyevu, na minyoo wachanga hupenya ngozi ya mtu aliye pekupeku. Baada ya siku chache huonekana mstari mwekundu uliopindapinda kama uzi chini ya ngozi, nao huwasha kupita kiasi. Watu wa Pwani huupata kwenye fuo. Mjini, utazame ule mchanga wa ujenzi uliomwagwa kando ya lango: ndio uwanja wa michezo wa watoto, na ndio mahali mbwa hupenda kujisaidia.

KILEBU SI MKAIDI

Tukishaelewa hatari, swali ni jinsi ya kumfanya kilebu ajisaidie mahali pamoja tunapopajua. Hapa ndipo watu wengi hushika fimbo, na hapa ndipo huharibu kazi.

Kilebu mchanga kabisa hawezi hata kukojoa mwenyewe. Mama yake humlamba tumboni ndipo mkojo utoke, kisha humsafisha. Anapofikisha majuma matatu hivi, huanza kutoka malaloni na kujisaidia kando. Ni kusema kwamba usafi wa kitanda chake anao tangu utotoni. Hakuna anayemfunza. Asichokijua ni kwamba nyumba yako yote, kuanzia sebuleni hadi chumbani, ni malalo yake mapya.

Anapokaribia majuma tisa, huanza kuchagua aina ya sakafu anayoipenda kwa haja zake, na nyayo zake ndizo hukumbuka. Akizoea nyasi, atatafuta nyasi. Akizoea zulia, hata ukimtoa nje atavumilia hadi arudi kwenye zulia. Umri huo ndio ule ambao watu wengi huleta kilebu nyumbani. Waliosema samaki mkunje angali mbichi hawakukosea: majuma mawili ya kwanza nyumbani mwako yana uzito kuliko miezi sita itakayofuata.

Kibofu chake pia ni kidogo na misuli ya kuzuia haja haijakomaa. Kama kipimo cha makadirio, kilebu wa miezi miwili anaweza kuvumilia saa mbili hivi mchana, wa miezi mitatu saa tatu. Akiwa usingizini huvumilia zaidi kidogo. Hakuna mzazi mwenye akili timamu anayemchapa mtoto wa miezi mitatu kwa kulowesha nepi. Basi kilebu naye asichapwe kwa jambo ambalo mwili wake haujaliweza.

Isitoshe, adhabu ya kuchelewa haina maana kwake. Ukirudi kazini saa kumi na mbili jioni ukamchapa kwa kinyesi cha saa nne asubuhi, hawezi kuunganisha mambo hayo mawili. Anachojifunza ni kwamba wewe ukirudi kuna kipigo. Watu husema, "Lakini anajua amekosa, tazama anavyoinamisha kichwa!" Mwaka 2009 mtafiti Alexandra Horowitz wa Marekani alilichunguza jambo hilo hilo. Alikuta kwamba mbwa huonyesha sura ile ya hatia anapokaripiwa, awe amekosa au hajakosa. Ni sura ya hofu, si ya kukiri kosa.

Kilebu anayeogopa hujificha ili ajisaidie: chini ya kitanda, nyuma ya kabati, mahali ambapo hamtapasafisha kwa siku nyingi. Hivyo kipigo huzidisha ile hatari tuliyokuwa tukiikimbia. Tena mbwa anayezoea kuuona mkono wa mtu kama silaha, siku moja huuma, na mara nyingi mkono unaoumwa ni wa mtoto.

CHAGUA MAHALI KWANZA

Kabla hujamleta kilebu, amua choo chake kitakuwa wapi. Kama mna ua, chagua pembe moja iliyo mbali na bembea ya watoto, mbali na tangi la maji, na mbali na kibustani cha sukuma wiki na dhania. Pawe mahali ambapo watoto hawachezi kamwe.

Wanaokaa katika nyumba za ghorofa wana kazi zaidi. Ngazi na vijia ni vya wapangaji wote, na si haki jirani akanyage uchafu wa mbwa wako. Wapo pia majirani Waislamu ambao hujitwaharisha wanapoguswa na unyevu wa mbwa, nao wanastahili kuheshimiwa. Tumia roshani au pembe ya bafu, utandike magazeti makuukuu, au uweke beseni pana lisilo na kina lenye udongo na nyasi. Hata gazeti hili, ukishalisoma, litakufaa.

Kuna sababu nyingine ya kutokimbilia uwanja wa mtaa. Kilebu ambaye hajamaliza chanjo zake anaweza kuambukizwa ugonjwa wa pavo mahali ambapo mbwa wengine hujisaidia. Huo ni ugonjwa wa kutapika na kuhara damu, na unaweza kumuua kilebu katika siku chache. Kwa hivyo hadi chanjo zikamilike, mwache katika ua wenu au kwenye beseni lake.

RATIBA YA SIKU

Siri ya mafunzo haya ni saa. Hata kwa binadamu, chakula kinapoingia tumboni utumbo mkubwa huamshwa ufanye kazi. Ndiyo maana mtoto mchanga huchafua nepi punde tu baada ya kunyonya. Kilebu ni vivyo hivyo. Kuna nyakati nne ambazo karibu lazima ajisaidie: anapoamka, dakika chache hadi nusu saa baada ya kula, baada ya kucheza, na kabla ya kulala. Zikumbuke nyakati hizo nne na nusu ya kazi imekwisha.

Kwa kilebu wa miezi miwili, siku inaweza kwenda hivi. Saa kumi na mbili asubuhi, mtoe nje kabla hujafanya jambo lingine lolote. Mbebe mikononi, kwani akitembea mwenyewe atakojoa njiani. Mpe chakula saa kumi na mbili unusu, kisha mtoe tena. Kutoka hapo mtoe kila baada ya saa moja au mbili akiwa macho, na kila anapoamka usingizini. Mpe chakula cha pili saa sita mchana na cha tatu saa kumi na mbili jioni, kila mara ukimtoa baadaye. Ikiwa ni mdogo sana au mwembamba, mpe mara nne. Saa nne usiku mtoe kwa mara ya mwisho. Saa nane usiku mtu mmoja aamke na kumtoa, kimya kimya, bila michezo. Baada ya majuma machache safari hiyo ya usiku haitahitajika.

Chakula kiwe kwa saa maalumu na sahani iondolewe baada ya dakika ishirini. Kilebu anayekula ovyo siku nzima hujisaidia ovyo siku nzima. Maji safi yawepo daima, usimnyime kwa nia ya kupunguza mkojo. Jihadhari na maziwa ya ng'ombe, kwani huwaharisha vilebu wengi, na kilebu anayehara hafunziki. Usimlishe matumbo mabichi kutoka buchani wala machinjioni, maana humo hupatikana minyoo wengine walio hatari kwa binadamu.

Swali gumu ni nani atafanya haya yote ikiwa baba na mama wako kazini na watoto wako shuleni. Mara nyingi jibu ni yaya, ambaye tayari ana mtoto mgongoni na nguo za kufua. Ni vyema akubaliwe na kuelezwa kazi hii mapema, apunguziwe nyingine, na abandikiwe ratiba jikoni. Kumwachia mzigo huo bila neno, kisha kumlaumu zulia likilowa, si uungwana.

NENO MOJA, SIFA PAPO HAPO

Chagueni neno moja ambalo watu wote wa nyumbani watatumia. Likiwa "choo", liwe "choo" kwa baba, kwa watoto na kwa bawabu. Mfikishe kilebu mahali pake, sema neno hilo mara moja kwa upole, kisha nyamaza usubiri dakika tano. Usicheze naye. Anapomaliza tu, msifu kwa furaha na umpe kipande kidogo cha chakula pale pale. Usingoje mfike jikoni, maana atadhani amesifiwa kwa kurudi ndani.

Kanuni hii imejulikana muda mrefu. Ivan Pavlov, daktari wa Urusi aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa utafiti wake juu ya usagaji wa chakula, alionyesha kwamba mbwa huunganisha ishara na jambo linaloifuata mara moja. Sifa inayofika baada ya nukta mbili humfunza mbwa. Ikichelewa dakika mbili, humchanganya.

Wakati usipoweza kumwangalia, mweke mahali padogo: kizimba au katoni imara yenye nafasi ya kutosha kusimama, kugeuka na kulala tu. Kwa kuwa hapendi kuchafua malalo yake, atajizuia kwa muda. Lakini usigeuze kizimba kuwa jela. Ukimfungia kuliko kibofu chake kinavyoweza, utamlazimisha alale katika uchafu, na ile tabia ya usafi aliyozaliwa nayo itakufa. Anapokuwa nje ya kizimba, awe machoni pako. Ukimwona ananusanusa sakafu, anazungukazunguka au anaelekea pembeni, mbebe haraka umtoe.

AJALI ZIKITOKEA

Zitatokea. Ukimkuta katikati ya kitendo, piga makofi mara moja ili ashtuke, mbebe hadi mahali pake, na akimalizia huko msifu. Ukikuta uchafu umeshapoa, nyamaza usafishe tu.

Kusafisha kwenyewe kuna maarifa. Pua ya mbwa ni kali mno, na harufu ya mkojo ikibaki humwambia kwamba hapo ni chooni. Nyonya mkojo kwa karatasi au kitambaa, osha kwa maji na sabuni, kisha pitisha siki iliyochanganywa na maji ili kupunguza harufu. Usitumie dawa za kusafishia zenye amonia, kwani harufu yake hufanana na ya mkojo. Usidhani pia kwamba ukimwaga jik umeyaua mayai ya minyoo. Mayai ya toksokara yana ganda gumu linalostahimili dawa hiyo. Njia ya kuyaondoa ni kuzoa, kusugua, na kumwaga maji yanayochemka pale ambapo sakafu inaruhusu. Nami nakuonya kama daktari: usichanganye jik na siki, wala usimwage jik juu ya dimbwi la mkojo. Hutoa hewa yenye sumu inayochoma mapafu, hasa katika bafu lisilo na dirisha.

KUZOA NA KUNAWA

Kinyesi kizolewe kila siku, nacho ni kazi ya mtu mzima wala si ya mtoto. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini Agosti 2017, kwa hivyo tumia koleo dogo au gazeti kuukuu. Kitupe katika choo cha shimo, au kizike mbali na bustani na chanzo cha maji. Kisiwe mbolea ya sukuma wiki kamwe. Samadi ya ng'ombe na kinyesi cha mbwa si kitu kimoja.

Wafunze watoto kunawa mikono kwa sabuni baada ya kucheza na kilebu na kabla ya kula, wakate kucha, wavae viatu uani, na wasilambwe kinywani. Mboga za bustanini zioshwe vizuri kwa maji mengi.

DAWA NA CHANJO

Choo safi peke yake hakitoshi ikiwa kilebu amejaa minyoo. Kwa kawaida vilebu hupewa dawa ya minyoo kila baada ya majuma mawili, tangu wakiwa na majuma mawili hadi karibu miezi mitatu. Kisha hupewa kila mwezi hadi miezi sita, na baadaye kila miezi mitatu. Anayekuuzia kilebu asipoweza kukuambia alipewa dawa lini, chukulia kwamba hakupewa, na umpeleke kwa daktari wa mifugo juma hilo hilo. Usimpe tembe za binadamu kwa kukisia.

Chanjo za pavo na distempa huanza akiwa na majuma sita hadi manane, zikirudiwa kila majuma matatu au manne hadi afikishe majuma 16. Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa akiwa na miezi mitatu hivi na kurudiwa kila mwaka. Kenya ilizindua mwaka 2014 mpango wa kuutokomeza ugonjwa huo kwa binadamu ifikapo 2030, na msingi wa mpango huo ni chanjo kwa mbwa. Ugonjwa wenyewe ukishaonyesha dalili, karibu hakuna anayepona.

Kwa hivyo mtoto akiumwa au kuparuzwa na mbwa, usiseme, "Ni kilebu tu." Osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, kisha mpeleke hospitalini mara moja. Usipake mafuta ya taa, majivu wala pilipili.

Daktari wa mifugo aonwe pia ikiwa kilebu aliyekwisha kujifunza ameanza tena kuchafua ndani, anakojoa matone matone, ana damu kwenye mkojo au kinyesi, au anatapika na kukataa chakula. Huo ni ugonjwa, na hauponi kwa kuchapwa. Kilebu anayelowesha sakafu kidogo kila unapomsalimu naye si mtundu. Ni ishara ya unyenyekevu, na wengi huiacha wanapokua. Msalimu kwa sauti ya chini, umechuchumaa, na usimkaripie.

Kwa utaratibu huu vilebu wengi huwa wasafi wanapofikisha miezi mitano au sita. Wengine hukawia hadi karibu mwaka. Usikate tamaa, wala usibadilishe neno, mahali au saa kila juma.

Basi watoto wakija na ombi lao, usikimbilie kusema ndiyo, wala usikimbilie kukataa. Keti nao mezani na kalamu. Andikeni nani atamtoa alfajiri, nani saa nane usiku, nani atazoa kila siku, na fedha za dawa na chanjo zitatoka wapi. Nafasi zote zikipata majina, mleteni kilebu na mfurahi naye. Zikibaki wazi, ngojeni mwaka mwingine.